Tahadhari: Vichwa vya Treni za Mfano Vinavyouzwa kwa Madai Kwamba Vimegeuzwa Kuwa vya Dijitali

Naandika tahadhari hii kwa wote wanaonunua mtandaoni vichwa vya zamani vya treni za mfano, hususan vile vinavyotangazwa kwamba vimekwisha kugeuzwa kutoka umeme wa kawaida kwenda mfumo wa dijitali wa DCC, ambamo kila kichwa huamriwa peke yake kupitia reli. Nimenunua viwili kutoka kwa muuzaji mmoja. Kimoja hakikuwa na kisimbuzi kabisa, yaani saketi ndogo ya ndani inayopokea amri na kuendesha mota, na cha pili kilikuwa na kisimbuzi cha bandia kilichofungwa kwa namna iliyokiunguza siku ya pili. Sitaji jina la akaunti yake kwa sababu tangu nianze kumfuatilia amekwisha kulibadilisha mara mbili, na jina nitakaloandika leo halitamsaidia mtu kesho. Ninachoweza kuwapa ni alama za kazi yake, ambazo hadi sasa hazijabadilika.

Matangazo yake yana picha nzuri za nje, zilizopigwa kwa mwanga wa kutosha, na video fupi ya kichwa kikienda na kurudi juu ya reli. Picha ya ndani haipo hata moja. Maelezo husema kwamba kichwa ni "tayari kwa dijitali, kimejaribiwa", na hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Kwenye maboksi ya viwandani maneno "DCC Ready" humaanisha kwamba ndani kuna soketi ya kuchomekea kisimbuzi, kwa mfano ile ya pini 8, wala si kwamba kisimbuzi chenyewe kimo. Kichwa kilichotengenezwa kabla ya soketi hizo kuwapo hakiwezi kuitwa hivyo kwa maana yoyote ile. Ama kimefungwa kisimbuzi kwa kuunganisha waya mmoja mmoja, ama hakijafungwa. Nilipomuuliza ni lipi kati ya hayo mawili, alijibu kwamba kisimbuzi kimo, tena cha kampuni ya ESU ya Ujerumani, na akanielekeza niangalie video.

Video ile niliiangalia bila kuisikiliza, na hilo ni kosa langu. Nilipoirudia baadaye nikiwa nimevaa spika za masikioni, nilisikia kichwa kikitoa mlio mwembamba wa kuimba hata kilipokuwa kimesimama, na kwenye pembe ya picha kidhibiti cha mkononi kilionyesha anwani, yaani namba ya kukiita kichwa, ya 0. Wenye uzoefu wataelewa mara moja, lakini kwa wageni nitaeleza. Kwenye DCC reli hubeba wakati wote umeme wa volti 15 hivi, unaogeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde, na amri husafiri ndani ya mageuko hayo: kila nusu ya biti (tarakimu ya amri, moja au sifuri) ya moja huchukua mikrosekunde 58, na ya sifuri huchukua mikrosekunde 100 au zaidi. Baadhi ya vidhibiti vinaweza kuirefusha nusu moja ya biti ya sifuri kuliko nyingine, hivyo umeme ukaegemea upande mmoja, na kichwa kisicho na kisimbuzi kikatembea. Anwani ya kukiendeshea ni hiyo hiyo 0. Mlio ule ni mota ikitikiswa na umeme unaogeukageuka, na mota huendelea kupata joto hata kichwa kikiwa kimesimama. Kwa hiyo video iliyopaswa kuthibitisha kwamba kisimbuzi kimo ilikuwa inathibitisha kwamba hakimo.

Kichwa hicho cha kwanza kilipofika nilikiweka moja kwa moja kwenye reli kuu, nikakiita kwa anwani 3, ambayo ndiyo visimbuzi vingi vipya huanza nayo. Kikaimba tu, hakikusogea. Nilidhani anwani imebadilishwa, nikapoteza dakika kadhaa nikijaribu nyingine, mpaka nilipogusa bodi yake ya plastiki nikaikuta ya moto. Nilipoifungua nilikuta kifurushi kilichoviringwa tepu nyeusi ya umeme kutoka ncha hadi ncha, chenye waya nyekundu na nyeusi zinazoingia upande mmoja, na waya ya rangi ya machungwa na ya kijivu zinazotoka upande wa pili. Rangi zilikuwa sahihi kabisa: nyekundu na nyeusi hutoka kwenye magurudumu, na ile ya machungwa na ya kijivu huenda kwenye mota. Niliikata tepu kwa wembe. Ndani kulikuwa na kipande cha saketi kilichokatwa kutoka kifaa kingine, kisichounganishwa na kitu chochote, na kando yake waya nyekundu ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na ya rangi ya machungwa, na nyeusi na ya kijivu, kwa risasi ya kulehemu, safi na ya kupendeza. Yaani mtu huyu anajua kuunganisha waya, na ameamua kuutumia ujuzi huo kutengeneza kifurushi cha uongo.

Kichwa cha pili kilinihadaa zaidi, kwa kuwa kilifanya kazi. Safari hii nilianza na reli ya programu, ile iliyotengwa, ambayo umeme wake huwekewa kikomo kidogo ili kosa la waya lisiunguze kitu. Nikasoma CV 8, nafasi katika kumbukumbu ya kisimbuzi inayobeba namba ya mtengenezaji. Namba hizi hutolewa na NMRA, chama cha Marekani cha wapenda treni za mfano kinachosimamia viwango vya DCC: Lenz ni 99, Digitrax ni 129, Zimo ni 145, na ESU ni 151. Kisimbuzi changu kilijibu 13. Namba hiyo imetengwa kwa visimbuzi vya kujitengenezea na vya miundo iliyo wazi kwa umma. Si aibu kuwa na kisimbuzi cha namba 13, maana wapo watu wanaovitengeneza vizuri kwa mikono yao. Aibu ni kukiuza kwa jina la kampuni yenye namba 151. Niongeze tu kwamba namba sahihi peke yake si uthibitisho, kwa sababu mwigaji hodari anaweza kuiandika anayoitaka, lakini namba isiyolingana na jina lililotangazwa inatosha kurudisha mzigo.

Sikurudisha mzigo. Nilijiambia kwamba angalau kinatembea, nikakipandisha kwenye reli kuu, na jioni hiyo kikavuta mabehewa sita bila tatizo. Siku iliyofuata, katika mzunguko wa tatu au wa nne, kikasimama ghafla, kidhibiti kikakata umeme kwa hitilafu, na ile harufu ambayo kila aliyewahi kuunguza saketi anaijua ikajaa chumbani.

Sababu yake ndiyo kiini cha tahadhari hii, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Vichwa vingi vya zamani vilijengwa hivi: magurudumu ya upande mmoja hupeleka umeme kwenye fremu ya chuma, na kaboni moja ya mota (kati ya mbili zinazoilisha mota umeme) huuchukua umeme huo kutoka kwenye fremu bila waya yoyote. Kwa umeme wa kawaida huo ni ubunifu mzuri, kwani hupunguza waya na gharama. Kwa DCC ni sumu, kwa sababu kaboni zote mbili zinapaswa kulishwa na kisimbuzi peke yake. Kaboni moja ikigusa fremu, umeme wa reli huingia kwenye kisimbuzi kupitia njia ya kutokea, na sehemu zinazoendesha mota huungua kwa muda mfupi kuliko wa kuuzima umeme kwa mkono. Hivyo kazi halisi ya kugeuza kichwa cha zamani haiko katika kukifunga kisimbuzi, bali katika kuitenga mota na fremu kabisa.

Kichwa changu kilikuwa dizeli ya muundo wa zamani wa kampuni ya Athearn, ambao mota yake ina kibanio cha shaba upande wa chini chenye ndimi mbili ndogo zinazokandamiza fremu. Namna ya kuitenga mota hiyo inajulikana na si ngumu: unazikata au kuzikunja ndimi, unaiunganisha waya ya kijivu kwenye kibanio, na unaiweka tepu isiyopitisha umeme kati ya mota na fremu. Muuzaji aliiunganisha waya, akaziacha ndimi zilivyo, na kati yake na fremu akaweka kipande cha karatasi. Nimekihifadhi. Ni karatasi ya kawaida ya daftari, mistari yake ya bluu bado inaonekana, imelowa mafuta ya mota, na katikati ina vitobo viwili vyeusi pale ndimi zilipoipenya kwa mtikisiko. Ilidumu muda wa kutosha kupita kwenye video, kwenye reli ya programu na kwenye jioni yangu moja ya furaha.

Ndiyo maana nasema reli ya programu haikutoshi. Kipimo cha kufanya kabla ya umeme wowote ni cha multimita. Ondoa bodi ya plastiki, chomoa kisimbuzi au uzifungue waya zake, maana kikiwa kimeunganishwa kinaweza kukupa usomaji wa kudanganya, kisha weka multimita kwenye hali ya mlio, ambayo hulia pale ncha zake mbili zinapounganishwa na umeme kupita. Gusa kaboni ya kwanza na fremu, kaboni ya kwanza na magurudumu ya kushoto, kaboni ya kwanza na magurudumu ya kulia, halafu urudie kwa kaboni ya pili. Yote sita yawe kimya. Fanya hivyo huku ukiisukumasukuma mota kwa kidole, kwa sababu karatasi kama yangu ingekaa kimya mpaka itikiswe.

Nilipomwandikia, alijibu kwamba reli yangu ina "nguvu kubwa mno". Volti 15 ni hali ya kawaida kwa treni za ukubwa wa HO, na kisimbuzi kisichoihimili hakistahili kuitwa cha DCC. Nilipomtumia picha ya karatasi hakujibu tena. Malipo alikuwa ameomba niyatume kwa njia ya kumtumia rafiki, akisema makato yake ni madogo, na njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Hilo nililijua, nikalipuuza.

Sasa ameanza kutangaza pia huduma ya kugeuza vichwa vya watu wengine, umtumie chako akurudishie kikiwa cha dijitali. Mwenzangu mmoja alimtumia kichwa cha zamani chenye mota nzuri, akarudishiwa chenye mota iliyochakaa na bila uzito wa risasi uliokuwa mbele, kisha akaombwa pesa za ziada kwa "mota mbovu". Hana picha ya ndani ya kabla, kwa hiyo hana la kuonyesha. Atakayelazimika kutuma kichwa kwa fundi yeyote asiyemfahamu akipige picha ndani kwanza, na aweke tone la rangi ya kucha mahali pasipoonekana kwenye mota. Amuulize pia fundi amepima vipi ampea ambazo mota huvuta ikizuiwa kuzunguka kwa volti 12. Mota kubwa za zamani, hasa zile ambazo sumaku zake zimedhoofika, zinaweza kupita ampea 1, na visimbuzi vingi vidogo havifiki huko. Fundi wa kweli atakuwa na namba hiyo na atakutajia bila kufikiri. Huyu wetu alimwambia mwenzangu kwamba kipimo hicho ni cha vichwa vya mvuke tu.

Kabla ya kununua kichwa cha zamani kinachodaiwa kuwa kimegeuzwa, mwombe muuzaji picha ya ndani inayoonyesha kaboni zote mbili na waya zake, picha ya kidhibiti kikiwa kimesoma CV 8, na video yenye sauti ambamo anwani inaonekana na si 0, taa zikiwashwa na kuzimwa huku kichwa kimesimama. Taa ni jambo dogo lakini kifurushi cha tepu hakiwezi kuiga: bila kisimbuzi, kwenye reli ya dijitali taa hubaki zikiwaka tu. Akikataa picha ya ndani kwa kisingizio kwamba bodi ni ngumu kufungua, na huku anadai ndiye aliyeifungua akafunga kisimbuzi, sidhani kama kuna haja ya swali lingine.

Wale ambao tayari wanavyo vichwa vyake wasivipandishe reli kuu kabla ya kuvifungua, hata kama vimetembea vizuri kwa miezi. Mimi nimezikata ndimi za ile dizeli, nimeweka tepu ya poliimidi, isiyopitisha umeme, mahali pa karatasi, na inasubiri kisimbuzi kingine. Kile cha kwanza nimekirudisha kwenye umeme wa kawaida, na tangu siku ile ya kuimba kinazunguka kwa uzito kidogo na kunuka varnishi iliyoungua kila kinapopata joto.