Chasisi ya Landrova 109: uzoefu wangu na mafundi wawili wa Mbeya

Landrova aliyoniachia marehemu baba ni Series III, 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya mwaka 1974, pikapu. Kazi yake ni kushusha viazi kutoka Isyonje hadi Uyole. Nilianza kuishtukia siku mlango wa dereva ulipogoma kufunga. Gari likiwa tupu, mlango unafunga vizuri. Ukishapakia gunia kumi, lazima uunyanyue kwa goti ndipo kitasa kishike. Nikadhani ni bawaba, nikabadilisha bawaba. Hali ikabaki ileile, kwa sababu mbovu ilikuwa chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima: ikilemewa na mzigo ilikuwa inapinda.

Watu husema Landrova haina kutu. Bodi ndiyo haina, kwa sababu sehemu yake kubwa ni alumini. Chasisi ni bati la chuma lililochomelewa kuwa boksi, na boksi hilo huoza kuanzia ndani wakati nje bado linang'aa rangi. Uingereza wanalalamikia chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Huku kwetu ni tope linalojikusanya juu ya hanga za springi (mabano ya chuma yanayoshikilia springi za bapa kwenye chasisi) na kukaa na unyevu tangu Desemba mpaka Mei.

Gereji ya kwanza siitaji jina. Walichukua flati ba, yaani chuma bapa, ya milimita 6, wakaichomelea juu ya kutu, mshono ukapita moja kwa moja kukata boksi toka juu hadi chini, halafu wakapaka rangi nyeusi. Nililipa na nikashukuru, maana lilionekana kama reli ya TAZARA. Msimu wa viazi haukuisha. Chasisi ikapasuka, tena si pale pa zamani, bali pembeni kabisa mwa flati ba yao, ufa umefuata mshono kama umechorwa na rula.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee kule Mwanjelwa. Huyu ndiye hasa ninayeandika habari zake, ingawa naye nina maneno naye, nitayafikia. Saa nzima ya kwanza hakugusa mashine. Alilala chini ya gari na nyundo ndogo, anagonga boksi hatua kwa hatua. Penye uzima panalia ngli, palipooza panasema pu. Kila penye pu anaweka alama ya chaki. Alipotoka nikamuuliza kwa nini kazi ya kwanza ilikatika wakati chuma kilikuwa kinene vile. Akaokota kipande cha bati, akakibana nusu kwenye vaisi (jiliwa la mezani), akaanza kukikunja huku na huku. Kikakatikia kwenye mdomo wa vaisi.

"Umeona kilipokatikia, kijana? Ile flati ba yako ndiyo vaisi."

Chasisi ya hizi gari imeumbwa inyumbuke kidogo. Ukiikaza mno sehemu moja, mnyumbuko wote unahamia mwisho wa ulichokikaza. Kwa hiyo yeye alikata sehemu mbovu yote ikatoka, akatumia bati la milimita 3, na ncha za kila kiraka akazikata mshazari kama kichwa cha mkuki ili mshono usikatishe boksi wima. Mwisho wa ufa alitoboa tundu dogo kabla ya kuchomelea, usiendelee kutembea.

Kilichonitesa zaidi ni spea. Kroso memba ya nyuma, yaani boriti inayounganisha pande mbili za chasisi, na hanga za springi zilikuwa zimekwisha. Mzee alinikatia kamba, akaipima kwenye gari langu kutoka tundu la hanga ya mbele ya springi ya nyuma hadi tundu la sheko (kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi), akafunga mafundo mawili. "Tembea na hii. Usisikilize mdomo wa muuzaji."

Iringa, pale Ipogolo, nilikuta kipande cha chasisi ya nyuma kizuri ajabu, muuzaji anaapa ni ya 109. Nilishatoa pochi. Nikakumbuka kamba, nikaiweka: mafundo yakapita matundu kwa mbali. Ilikuwa ya 88, ile Landrova fupi, ambayo springi zake za nyuma ni fupi. Mwingine alitaka kuniuzia ya 110. Hiyo ilianza mwaka 1983 na inatumia springi za koili, hanga utazipata wapi? Mwishowe nilipata Makambako kipande cha Series IIA ya 109, iliyotoka kabla ya 1971. Kamba ikalala sawasawa. Shilingi 300,000, na nafuu yake ni kwamba IIA na III zinasaidiana sana upande wa chasisi.

Kabla ya kukata, tanki la petroli lililo chini ya kiti cha dereva lilitolewa, na betri na nyaya za altaneta zikafunguliwa. Gari likawekwa kwenye stendi, likapimwa kona kwa kona. Alichoma kidogo kulia, akahamia kushoto, akasubiri chuma kipoe, akapima tena. Akikaribia hanga ya mbele kulia, ambako namba ya chasisi imegongwa, aliifunika kwa kitambaa chenye maji na hakupitisha grenda kabisa.

Sasa malalamiko. Aliniambia siku 5, zikawa 11, na si zote ni za umeme kukatika. Cheche zilitoboa turubai langu na hakusema mpaka nilipoliona. Kubwa zaidi, ndani ya boksi hakuweka kitu chochote, akasema kazi yake ni kuchomelea. Nilinunua mwenyewe redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kwa nje, na ndani nikamimina oili chafu kwa mpira kupitia matundu. Ufundi alichukua 480,000. Bati, fimbo za kuchomelea na nauli zangu za Iringa na Makambako sizihesabu tena.

Imepita misimu miwili. Wiki iliyopita nilipakia gunia 14, nikafunga mlango kwa kidole.

Bado kuna kipande kimoja, mkono wa mbele kushoto unaobeba ukuta wa injini. Mzee alikigonga, kikasema kitu kati ya ngli na pu, akakipa msimu mmoja zaidi wa mvua. Mwenye cha 109 au cha IIA, awe Mbeya, Njombe au Iringa, aseme. Nitakuja na kamba yangu.