Shanta la mtumba la lita 40: kwa aliyemaliza chuo jana na anaondoka kesho

Mtihani wa mwisho umeisha, boom, ile pesa ya mkopo wa chuo, limebaki la kula siku chache, na mwenzako wa bweni ametuma ujumbe kutoka Tukuyu: njoo, ndizi zipo. Basi linaondoka Mbezi alfajiri. Begi ulilonalo ni lile la laptop, lenye zipu iliyoanza kucheka tangu mwaka wa pili. Hapo ndipo watu hukimbilia kununua shanta kwa pupa, na mikasa mingi ya safari za namna hii huanzia kwenye pupa hiyo: zipu inafumuka stendi, mkanda unang'oka ukiwa juu ya bodaboda, nguo zote zinalowa kabla hujafika.

Tunayoyapima hapa ni mashanta ya mtumba yenye ujazo wa lita 40 hivi, yale yanayotoka kwenye belo moja na mabegi ya shule na kuishia Karume pale Ilala, Memorial pale Moshi, Kilombero pale Arusha, au Gikomba kwa walio Nairobi. Tuseme mapema: likichaguliwa vizuri, la mtumba linaliacha mbali jipya la Kariakoo la bei ileile kwa mikanda, mishono na mgongo. Jipya linang'aa, lakini sponji ya mabegani hulala kama chapati baada ya safari mbili. Udhaifu wa la mtumba uko ndani, mahali ambapo mnunuzi hatazami, na muuzaji hana sababu ya kukuonyesha.

Kuhusu ukubwa tusibishane sana. Lita 65 linapendeza likiwa tupu sokoni. Likijaa ni kilo 17 au 18, haliingii daladala bila matusi, na bodaboda atalihesabu kama abiria. Lita 40 ni kama sentimita 55 kwa 35 kwa 22: linakaa mapajani, linasimama katikati ya miguu, na haliruhusu kubeba suruali ya nne.

Sasa, kabla ya kuuliza bei, nusa. Fungua shanta lote, ingiza uso, vuta pumzi. Ukikutana na harufu kali ya uchachu, kama maziwa yaliyolala au mtoto aliyecheua, huo si uchafu na hautatoka kwa kufua. Kitambaa cha nailoni au poliesta hupakwa kwa ndani utando mwembamba wa poliyurethani ili maji yasipite. Shanta likikaa miaka kwenye unyevu na joto, maji yaliyomo hewani huukatakata utando huo polepole. Kwanza unanata, kisha unabanduka vipande vyeupe kama magamba. Bonyeza kidole gumba kwa ndani, hesabu hadi tano, achia. Kidole kikishikwa, rudisha shanta mahali pake. Hakuna sabuni, limau wala jua linalouponya utando uliooza, na unata huo utahamia kwenye kila shati ulilobeba.

Kama utando umekwisha kukauka na unapukutika tu, hali ni nyingine. Magamba hayo yanatoka kwa brashi, maji ya uvuguvugu na uvumilivu. Shanta litabaki zima ila halitazuia maji tena, jambo ambalo, kama tutakavyoona, si msiba. Tumia magamba hayo kushusha bei. Kwa shanta lenye kasoro hiyo shilingi elfu ishirini ya Tanzania inatosha, na hata zuri kabisa usivuke elfu arobaini bila sababu unayoweza kuigusa kwa mkono. Jina la kampuni lililoshonwa mbele si sababu. Nembo ni rahisi kuiga kuliko mshono.

Kisha zipu, na hapa usiwe na haraka hata kama basi linakusubiri. Geuza kichwa cha zipu utazame mgongoni mwake: mara nyingi kuna namba, 5, 8 au 10, ambayo ni karibu sawa na upana wa meno kwa milimita yakiwa yamefungwa. Mdomo mkuu unataka 8 au 10. Namba 5 ni ya mifuko midogo. Ukiikuta kwenye mdomo mkuu wa lita 40, ujue begi hilo lilishonwa kwa ajili ya daftari.

Zipu ya begi tupu hufunga daima, kwa hiyo kuifunga tupu si kuipima. Chukua makoti ya muuzaji, jaza shanta hadi litune, kisha fungua na kufunga mara tatu, ukipita kwenye kona zote mbili za juu. Atanung'unika, mvumilie. Meno yakiachana nyuma ya kichwa baada ya kupita, wengi husema zipu imekufa. Si kweli. Kilichochoka karibu kila mara ni kichwa: mchanga na vumbi vimekila kwa ndani, na kuta zake mbili zimetanuka, kwa hiyo hakiyabani meno inavyotakiwa. Fundi viatu yeyote mwenye koleo anaweza kukibana, upande mmoja kisha wa pili, kwenye ncha ya nyuma tu. Abane kidogo, ajaribu, abane tena. Akibana kwa nguvu mara moja, chuma hicho cha kumimina hakipindi, kinakatika. Dawa ya kudumu zaidi ni kichwa kipya cha namba ileile. Lakini kama meno yenyewe yameng'oka au yamevutika nje ya utepe, hiyo ni zipu nzima kubadilishwa, na gharama yake itamaliza faida ya mtumba.

Wanaoweka kufuli kwenye vichwa viwili vya zipu wajue kwamba zipu ya meno ya nailoni hufunguliwa kwa ncha ya kalamu ya biki katikati ya meno, kisha hufungwa tena kwa kuvipitisha vichwa, kufuli likiwa palepale. Kufuli humzuia mdokozi wa kupita tu. Shanta la mdomo wa juu, lenye kamba ya kukaza na kifuniko, halina hata hilo, lakini pia halina zipu kuu ya kukuharibikia Makambako saa nne usiku. Kwa safari isiyo na ratiba, sisi tunachagua kamba.

Mikanda: ivute kwa nguvu kuelekea juu, pale inapoungana na mgongo, na tena chini kwenye kona. Unachotafuta ni mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake. Uzi ukiwa umekatika na kitambaa kizima, fundi viatu ataurudishia kwa uzi wa nailoni wenye nta ukiwa unasubiri. Kitambaa kikiwa kimechanika, hata kiraka kizuri kitaachia siku utakapoharakisha kuruka kwenye fuso. Angalia pia vile vifungo vya plastiki vinavyolia "ka!": mistari myeupe kwenye shingo ya kifungo ni dalili kwamba jua limekikausha na kitavunjika. Kupata kingine si kazi, mafundi huving'oa kwenye mabegi yaliyokufa, ila lazima kilingane na upana wa mkanda, kwa kawaida milimita 20, 25 au 38. Nunua na cha akiba.

Pitisha mkono mgongoni kwa ndani. Shanta la kweli lina fimbo mbili za alumini au ubao mwembamba wa plastiki. Mara nyingine ala ziko na fimbo hazimo, na bila fimbo uzito wote unabaki mabegani. Fimbo ikiwa imetoboa chini, ikate? Hapana. Ivalishe kipande cha mpira wa tyubu kwenye ncha, kisha shona tundu.

Mwisho wa ukaguzi ni mwili wako. Madumu mawili ya lita tano yaliyojaa maji ni kilo 10. Azima kwa muuza maji wa jirani, tumbukiza ndani. Legeza mikanda yote. Anza na wa kiuno, ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Kisha kaza ya mabegani, kisha zile kamba ndogo za juu zinazolivuta shanta karibu na shingo, kifua mwishoni. Uzito ukikaa kiunoni na vidole viwili vikapita chini ya mkanda wa bega, limekukubali. Mgongo wa shanta ukiwa mrefu kuliko wako, mkanda wa kiuno utashuka makalioni, na hakuna namna ya kukaza itakayorekebisha. Wasichana wengi hukwama hapa kwa sababu mashanta mengi ya sokoni ni ya vipimo vya wanaume warefu, endelea kuchambua.

Na jambo dogo ambalo wauzaji wengi hawalijui: papasa mfuko mwembamba ulio chini kabisa, kwenye kitako. Kava ya mvua mara nyingi imejikunja humo.

Kava hiyo usiitegemee Tukuyu, mahali ambapo mvua haina adabu. Inafunika mbele na pande. Maji hushuka shingoni mwako, hufuata mgongo na kuingia kwa nyuma. Kinachookoa nguo ni mfuko wa pili ndani ya shanta. Usitumie mfuko wa plastiki wa dukani: Tanzania imeipiga marufuku tangu 1 Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017, na Rwanda tangu 2008, na pale Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, unaweza kufunguliwa begi kwa sababu hiyo tu. Tafuta mtumbani koti la mvua lililochanika, fundi cherehani akate mgongo wake na kushona mfuko mrefu. Jaza, sokota mdomo, kunja mara tatu, funga. Shuka la kimasai liwe juu kabisa. Ndilo blanketi, taulo na pazia. Vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa katikati, la sivyo shanta litakuvuta nyuma kila ukipanda ngazi za basi.

Kwenye buti la basi kava inapata kazi yake halisi: kuzuia vumbi na mafuta. Zungusha mkanda wa kiuno kwa mbele na uufunge, kwa kuwa mkanda unaoning'inia ndio konda anaoushika na kuuvuta. Mashanta meusi yanafanana, basi funga kipande cha kanga kwenye mpini, dai tagi, piga picha ya vyote viwili. Gari likisimama abiria wachimbe dawa, na buti likifunguliwa, shuka utazame. Pawabenki na simu visiingie buti. Kwenye mabasi mengi injini iko nyuma, na joto lake si la betri.

Vyeti halisi viache nyumbani. Mhitimu hupenda kutembea navyo "huwezi jua, kazi inaweza kutokea", lakini nakala na picha kwenye simu zinatosha kwa mazungumzo ya kwanza, na shanta likipotea utaanza na ripoti ya polisi badala ya kuanza na barua ya maombi.

Ukitoka Paje au Kilwa, suuza zipu kwa maji baridi na mswaki mkuukuu. Chumvi na mchanga ndivyo vinavyokula kichwa. Shanta lenyewe liloweke kwa sabuni kidogo, lisiingie mashine wala maji ya moto, lianikwe kivulini likiwa wazi, si juu ya bati. Halafu lining'inize. Likikunjwa bichi na kusukumwa uvunguni, baada ya masika mawili litaanza kutoa ile harufu ya maziwa yaliyolala.