Matembezi ya Bububu na mzee wa hapo hapo, nyota 4

Assalamu alaikum jamani, hii riviu nilikuwa niiandike tangu wiki ya jana ila kila nikikaa naona itakuwa ndefu, basi leo naandika hivyo hivyo inavyokuja.

Dada yangu alikuja na wanawe kutoka Muscat, watoto hawajawahi kuiona Unguja, tukasema tuwapeleke shamba. Siku ya kwanza tulichukua spaisi tua (matembezi ya mashamba ya viungo) ya kampuni moja ya mjini, gari zuri lina eisi na maji baridi, sina ubaya nao kwenye usafiri. Lakini tulipofika Bububu, kaskazini ya mji, yule kijana anotutembeza akasema bila hata kupunguza mwendo, "hapa panaitwa Bububu kwa sababu ya treni ya zamani ilikuwa ikilia bu bu bu", gari hilo likakata kulia kuelekea kwenye mikarafuu. Dakika mbili hazikufika. Watoto wakacheka na mimi nikanyamaza ila moyoni iliniuma, mana bibi yangu mzaa mama kazaliwa Bububu na mtaa mzima umefanywa kituo cha mlio wa treni.

Jirani yangu ndo akaniambia kuna mzee pale anatembeza watu kwa miguu, hana ofisi wala tovuti, yeye na bakora yake tu. Nikamtafuta. Sharti lake la kwanza lilinishangaza, alisema msije na taksi, tukutane mjini saa mbili asubuhi tupande daladala ya 502 pamoja, kisha yeye akae upande wa bahari na watoto.

Sababu nilikuja kuiona njiani. Daladala ya 502 ndo mrithi wa ile treni. Reli ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ikaanza kazi 1905, kama kilomita 11, ikianzia karibu na Ngome Kongwe, inapita katikati ya watu mjini mule kisha inafuata pwani mpaka Bububu, serikali ikaichukua 1911 na miaka ya 1920 magari ya barabarani yakaimaliza. Mzee anayaeleza haya huku konda anapiga bodi na abiria wengine wanachangia, bimkubwa mmoja kapakata kapu la samaki akasema babu yake alikuwa akiipanda kwenda sokoni. Huyo bimkubwa hakuwemo kwenye bei lakini kwangu mie alikuwa sehemu ya huduma.

Tulipita Maruhubi (jumba la Sultani Seyyid Barghash lilojengwa mwanzo wa miaka ya 1880, likaungua 1899, zimebaki nguzo), hapo hatukushuka. Tulishuka Mtoni. Hapa nilitaka tukae zaidi na tulikaa, kama saa nzima. Hilo ndo kasri kongwe kuliko yote ya Unguja, la Sultani Seyyid Said bin Sultan, na ndani yake kazaliwa binti yake Bibi Salme 1844. Mzee aliwasimamisha watoto uwani akawaambia wafumbe macho, hapa walikuwa wakitembea tausi na paa, kule mto unateremka baharini na ndo uloipa mahali jina, juu kule palikuwa na roshani ya mbao Seyyid akikaa kutazama majahazi yake. Mpwa wangu wa miaka 9 ambaye siku ya gari alilala njia nzima, hapa alikuwa anauliza maswali mpaka mzee akamwambia pumua kwanza mwanangu.

Halafu Beit el Ras, na hichi kisa mimi Mzanzibari wa miaka yote hii sikuwa nakijua. Seyyid Said alianza kujenga jumba jengine hapo 1847, akafariki 1856 halijaisha, likaachwa. Ilipokuja reli mawe yake mengi yakachukuliwa kujengea njia ya treni. Yani kasri la sultani likawa tuta la reli! Leo hapo ni chuo, wanafunzi wanapita na mabegi yao. Nilikaa kimya kidogo.

Sasa Bububu yenyewe. Tukashuka njia panda, tukanywa kahawa kwanza barazani, kashata za njugu, wazee wanacheza bao, pikipiki zinapita kwa kelele, maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa kila upande mana kila mtu wa mjini saivi anajenga huku. Ukitoka mjini hujui tena wapi mji umeisha wapi kijiji kimeanza, nyumba zimeshikana njia nzima. Lakini ingia ndani hatua mia mbili tu uwache barabara, unakuta minazi, mifenesi, kuku, na watu wanakwambia karibu hodi hujapiga.

Mzee akatupeleka upande wa chemchem. Hapo ndo alipoijibu ile habari ya treni, na alijibu kwa hesabu. Bibi Salme aliishi Bububu kwenye nyumba ya pwani alipogombana na nduguze, akaipenda sana, mwisho akaiachia balozi wa Kiingereza alokuwa akiitaka, akarudi mjini, na mjini ndo alipokutana na yule Mjerumani alokuja kuwa mumewe akaondoka naye mwaka 1866... au tuseme akamtangulia. Kumbukumbu zake zimechapwa Ujerumani 1886 na Bububu imo kwa jina hilo hilo. Treni imekuja 1905. Sasa mlio wa kitu ambacho hakijaletwa utaupaje mahali jina? Wenyewe wa pale wanasema ni sauti ya maji yanavyobubujika kutoka chini, na maji hayo hayo ndo Seyyid Barghash aliyafikisha mjini kwa mfereji watu wakaacha kutegemea visima. Watu wa mjini tumenyweshwa na Bububu, halafu tunapita bila kusimama!

Mwisho ni Kidichi, kilomita kama nne ndani, hapo alituitia bajaji na alifanya vizuri mana dada miguu ilishamwisha. Hamamu lile (bafu la kuogea) Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shehrazade, 1850, kuta zina nakshi za maua na ndege. Kampuni ya mwanzo pia ilitupeleka hapa, dakika kumi, picha, twendeni. Mzee alitueleza na mashamba ya karafuu yaliyolizunguka na kimbunga cha 1872 kilivyoing'oa mikarafuu ya Unguja, ndo Pemba ikashika uongozi.

Kwa nini nyota 4 sio 5. Moja, alichelewa karibu nusu saa na simu hapokei, sisi tupo kituoni na watoto. Mbili, hakutwambia kwamba njiani choo cha uhakika hakipo, kwa mtu mwenye watoto wadogo hilo ni jambo kubwa na nilimwambia usoni, akakubali. Tatu, sauti yake ni ndogo, mkizidi sita wa nyuma hawasikii kitu. Bei tulikubaliana shilingi elfu arubaini kwa watu watano, nauli na bajaji juu yetu, naona ni haki kabisa na mwisho tulimuongeza.

Namba yake sijaiweka kwa sababu hakunipa ruhusa. Shuka njia panda ya Bububu, uliza pale barazani kwenye kahawa, mzee wa bakora anotembeza wageni, utaoneshwa. Chukueni maji na kofia, vaeni viatu vya kufunga mana Mtoni pana mawe makali, na kama mnataka kuogelea ufukwe wa Fuji hapo Bububu wekeni nguo za kubadilisha, sisi hatukuweka na watoto walilia. Ijumaa msiende, ikifika saa tano anaondoka kujitayarisha na sala na harudi tena.