Iceberg, waridi la mtu asiyetaka kupuliza dawa: uzoefu wangu Arusha

Najua wengi mnataka jibu moja tu, ununue au usinunue, kwa hiyo nalitoa mapema. Kama una sehemu inayopigwa na jua la asubuhi, udongo wako hautuamishi maji, na huna mpango wa kubeba bomba la dawa mgongoni kila Jumamosi, nunua Iceberg. Ni waridi jeupe la kichaka, linalochanua kwa vishada, na hapa Arusha limenipa maua mengi kuliko jasho nililolitolea. Halina harufu ya kujivunia, na masika yakikolea litakuudhi. Hayo nitayaeleza, maana ndiyo wauzaji wasiyoyasema.

Kwanza mjue ninavyopima. Mimi ni mtu wa ofisini, bustani naigusa mwisho wa wiki na jioni chache. Maji ya bomba huja kwa mgao, kwa hiyo mmea unaolia kiu kila siku haunifai. Uwanjani kuna watoto na kuku, sitaki sumu ya wadudu wala ya ukungu ipulizwe karibu nao. Waridi rahisi kwangu ni lile linalobaki na majani yake bila dawa. Maua hayanipi wasiwasi, kwa sababu mmea wenye majani hujitengenezea chakula, na wenye chakula huchanua. Unaopukutika kila mwaka unachanua mara mbili tatu kwa nguvu za zamani, kisha unabaki vijiti.

Hapo ndipo ninapoachana na wanunuzi wengi. Kwenye vitalu vya kando ya barabara, viriba vimepangwa mpaka kwenye mtaro, mawaridi hayana majina. Kuna jeupe, jekundu, la pinki, la njano, la "rangi mbili". Mtu anatazama ua, analipa, anaondoka. Mimi huenda mwishoni mwa Mei, masika yanapokatika, wakati vitalu vinaonekana vibaya kuliko wakati wowote wa mwaka, na natazama majani ya chini. Kijana aliyeniuzia alishangaa. "Dada, maua haya huku juu, mbona unachungulia miguuni?" Nikamwambia, kaka, ua la leo wiki ijayo limeshanyauka, nionyeshe mche ambao mvua zote hizi hazijauvua nguo. Akacheka, akanipeleka nyuma ya kitalu. Kulikuwa na miche ya waridi jeupe yenye madoa machache chini, juu imejaa majani ya kijani ya kung'aa. Jina alilijua kwa sababu mama aliyempa vipandikizi vya kwanza alimtajia. Shilingi elfu tano mche mmoja, na hakutaka kupunguza.

Ninachokitafuta miguuni ni madoa meusi. Ugonjwa huu unaletwa na ukungu ambao wataalamu wanauita Diplocarpon rosae, na vimbegu vyake vinahitaji jani liendelee kulowa kwa saa 7 hivi ndipo viote na kupenya ndani. Ukishajua hilo, ushauri mwingi wa mawaridi unajieleza wenyewe. Jua la asubuhi ni bora kuliko la jioni kwa sababu linakausha umande mapema. Kumwagilia juu ya majani saa moja usiku ni kuukaribisha ugonjwa ulale humo. Miche iliyobanana, au iliyojificha nyuma ya ukuta usiopitisha upepo, hulowa usiku kucha na kuamka bado imelowa. Mimi nimeacha nafasi ya mita moja kati ya mche na mche, na jirani zangu bado wananiona mbadhirifu wa ardhi.

Wazalishaji wenyewe wanapima kwa majani. Mmarekani William Radler wa Wisconsin, aliyezalisha waridi la Knock Out lililoingia sokoni mwaka 2000, alikuwa akikusanya majani yenye ugonjwa, anayakausha na kuyasaga, kisha anaunyunyizia unga huo miche yake kwa makusudi. Iliyoshindwa haikuendelea. Ujerumani wana majaribio yanayoitwa ADR, ambako mawaridi mapya hukaa bustanini miaka mitatu, katika mikoa mbalimbali, bila kupuliziwa dawa yoyote. Kwetu masika yanaifanya kazi hiyo bure.

Sasa Iceberg yenyewe. Aliizalisha Reimer Kordes, Mjerumani, ikatoka mwaka 1958. Kwao inaitwa Schneewittchen. Mwaka 1983 shirikisho la dunia la vyama vya mawaridi liliiingiza kwenye orodha yake ya mawaridi yanayopendwa zaidi. Umri huo ni sifa, na pia ni onyo. Ilizaliwa kabla ya wakati wa akina Radler, kwa hiyo kinga yake dhidi ya madoa meusi ni ya wastani. Nguvu yake iko kwingine: haichoki. Jani likianguka linarudishwa, tawi likikatwa linatoa mengine matatu, na joto la Januari halilitikisi ua lake kama linavyounguza petali za mawaridi mekundu.

Nilipanda kwenye mashimo ya kina cha nusu mita hivi, udongo wa juu nikauchanganya na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza kabisa. Mbolea ya kuku sikuitia shimoni, kwa sababu ikiwa bado mbichi inaunguza mizizi. Naisubiri ioze na kuimwaga juu mbali kidogo na shina. Matandazo yangu ni maganda ya kahawa. Ukikosa hayo, majani makavu ya migomba yanafaa vilevile. Kwa tabaka zito la matandazo, na udongo wetu huu wa volkano unaoshika unyevu, kipindi cha kiangazi nilimwagilia mara mbili kwa wiki, ndoo kwa mche, shinani, asubuhi. Miche ilipokomaa nikapunguza ikawa mara moja. Haikulalamika.

Maua huja kwa mafungu. Ukikata vishada vilivyonyauka, fungu jingine linafika baada ya wiki sita hadi nane, na katikati ya mafungu mche hauwi mtupu, kuna maua mawili matatu ya kuokoteza. Mwezi wa saba, baridi ya Meru ikishuka, machipukizi ya maua hupata wekundu wa pinki na petali nyeupe zinatokea na vitone. Shemeji yangu aliniambia nimeletewa ugonjwa. Sio ugonjwa; ni baridi na unyevu, na mimi binafsi nalipenda zaidi likiwa hivyo. Miba ni michache ukilinganisha na mawaridi mengine, jambo ambalo mwenye watoto wadogo atalithamini siku ya kwanza mpira ukiingia kichakani.

Haya, masika. Mwezi wa nne majani ya chini yanapata madoa meusi yenye kingo zilizochakaa, jani linageuka njano kuzunguka doa, linaanguka. Kufikia katikati ya Mei robo ya chini ya mche imekuwa miguu mitupu. Mtu asiyejua atakimbilia duka la pembejeo. Mimi naokota majani yaliyoanguka na kuyatoa nje ya bustani, kwa sababu ukungu unaendelea kuishi humo na matone ya mvua yanaurusha juu tena. Mwanzoni mwa Juni napogoa. Nakata theluthi moja ya urefu, naondoa matawi yaliyokufa na yanayosuguana, naacha katikati pawe wazi hewa ipite. Baridi ya Juni na Julai huleta ubwiriunga kidogo kwenye majani machanga, ule unga mweupe. Siufanyii kitu, na jua likirudi unaisha. Vidukari vikijaa kwenye vikonyo navisugua kwa vidole au navipiga kwa maji. Mara nyingi vidudu vyekundu vyenye madoa meusi mgongoni huwa vimeshanitangulia kuvila.

Kuhusu kupogoa, niseme kitu. Maelekezo mengi yanayozunguka yanatoka nchi zenye majira ya baridi kali, ambako waridi hulala, hupukutika lote, na watu hukata kabla halijaamka. Kwetu halilali. Ukisubiri lilale utasubiri mpaka liwe mti. Wewe ndiye unayechagua lini lipumzike, na mvua ndiyo kalenda nzuri kuliko zote. Mimi nakata sana baada ya masika, na kidogo mwezi wa kumi kabla ya vuli, basi.

Mshindani wa Iceberg kwangu ni waridi refu la pinki ambalo nililikuta kwenye ua wa nyumba nilipohamia. Kwa umbo lake na nguvu zake nalidhania kuwa Queen Elizabeth, la Mmarekani Walter Lammerts, la mwaka 1954. Lilikuwa halijaguswa na mtu kwa muda mrefu, limepita urefu wangu, na bado linachanua. Kwa uvumilivu tupu linaishinda Iceberg, hata majani yake yanastahimili masika vizuri zaidi. Lakini maua yako juu huko, chini ni magongo, na miba yake haina utani. Mwenye uzio wa kuficha alipande. Mbele ya baraza, hapana.

Kisha kuna lile jekundu, na hapa nitakuwa mkali. Arusha tumezungukwa na mashamba ya maua ya kusafirisha nje, kwa hiyo haiishi mtu wa kukuletea kijiti cha waridi la shambani: kikonyo kirefu, kichwa kikubwa, rangi ya damu. Usidanganyike. Waridi lile limezalishwa likae kwenye boksi, lipande ndege, lisimame kwenye chupa siku nyingi likiwa bado zuri. Limekulia chini ya plastiki ambako mvua hailigusi kamwe, na dawa hupulizwa kwa ratiba. Ukilitoa nje masika ya kwanza linapukutika lote, na ubwiriunga wa Julai unamalizia. La kwangu niling'oa. Tena aina nyingi za mashambani bado zinalindwa kisheria, kuzizalisha na kuziuza bila leseni ya mwenye aina ni kosa.

Jambo jingine kuhusu hiyo miche ya mashambani ni kubebesha. Mingi imebebeshwa juu ya shina la aina nyingine, na Natal Briar ni mojawapo ya mashina yanayotumika sana. Shambani kuna watu wa kuondoa machipukizi yanayotoka chini. Nyumbani usipoyaona mapema yanaunyonya mche wa juu, na siku moja unakuta una kichaka cha kitu ambacho hukukinunua. Miche ya Iceberg ya vitalu vyetu vya barabarani mingi ni ya vipandikizi, yaani imesimama juu ya mizizi yake yenyewe. Uliza kabla ya kulipa: "Hili limebebeshwa au ni kipandikizi?" Likiwa kipandikizi linaanza polepole, lakini chochote kitakachochipuka chini ni waridi lilelile.

Upungufu ulioniuma zaidi ni harufu. Shangazi yangu wa Tanga alipokuja alisimama mbele ya vishada vyote vile, akainama, akanusa, akanyanyuka. "Mwanangu, hili la kutazamwa tu." Kwa mtu aliyezoea kikuba cha asumini, mrehani na waridi, Iceberg ni baridi kabisa. Nilimwahidi la harufu, ila namwambia mapema kwamba kulipeleka Tanga ni shughuli nyingine. Hata mawaridi ya marashi ya Oman hayalimwi ufukweni. Yako juu Jabal Akhdar, kwenye mita 2,000 hivi, ambako usiku kuna ubaridi. Nyinyi wa Dar na Mombasa mtakaoijaribu Iceberg, ipeni kivuli cha mchana na mtarajie maua madogo.

Kwa ujumla naipa nyota nne. Ya tano imekatwa nusu kwa harufu na nusu kwa Mei.

Mtu akitaka kuanza bila gharama, aombe kipandikizi. Aina ya mwaka 1958 haina tena mwenye haki ya kukuzuia. Chagua tawi lililomaliza kuchanua, unene wa penseli, kata urefu wa shibiri moja chini kidogo ya kifundo, ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Lichomeke kwenye kiriba chenye nusu mchanga na nusu udongo, liwe kivulini, lisikauke na lisilowe chapachapa. Usilivute kuangalia kama limeshika. Majani mapya yakitoka na kuendelea kukua, mizizi ipo, na ua la kwanza likijitokeza mapema likate, mche upate mwili kwanza.