Nyuzi za Gitaa la Umeme kwa Tyuni za Chini: Seti ya Kununua, Kuanzia Bora Zaidi

Ukishusha gitaa toni mbili, kutoka E hadi C, bila kubadilisha nyuzi, kila uzi unapoteza zaidi ya theluthi ya mvuto wake. Kwenye gitaa la inchi 25.5 (huo ni urefu wa uzi unaotetemeka), uzi wa 46 (unene wa inchi 0.046) ulio katika E huvutwa kwa karibu kilo 7.9. Ukiwa C zinabaki kilo 5. Hapo uzi unagonga freti, noti inaanza juu kidogo halafu inateremka kabla haijatulia, na ukiwasha distosheni kila kodi inageuka uji. Watu wengi hulaumu gitaa au ampu, wakaanza kutafuta gitaa jingine, kumbe dawa ni pakiti ya nyuzi.

Hesabu yake ni rahisi. Kila nusu toni unayoshuka inakula karibu asilimia 11 ya mvuto. Toni nzima inakula 21, toni mbili 37. Kuurudisha mvuto uleule, zidisha unene wa uzi kwa 1.12 ukishuka toni moja, au kwa 1.26 ukishuka toni mbili. Uzi wa 46 utakupeleka kwenye 52 kwa toni moja, na 58 kwa toni mbili. (Namba hizo ni sehemu za elfu za inchi.) Ukishika hesabu hiyo, neno "nzito" lililoandikwa kwenye pakiti halitakutisha wala kukudanganya.

Nimezipanga kwa vigezo viwili: mvuto unavyolingana na tyuni, na urahisi wa kuziweka kwenye gitaa la kawaida.

1. Seti ya 11–56: dropu C, au D nzima

Kama unaweza kununua pakiti moja tu, nunua hii. Dropu ni tyuni ambayo uzi wa sita, ule mnene, unashushwa toni moja zaidi ya wenzake. Katika dropu C, yaani C-G-C-F-A-D, uzi wa 56 unavutwa kwa karibu kilo 7.4, na ule wa 11 ukiwa D unafika kilo 7.1. Mkono unahisi karibu sawa na seti ya 10 katika tyuni ya kawaida, kwa hiyo huhitaji kujifunza upya namna ya kupinda noti. Kampuni ya D'Addario inayo kwa jina EXL117: 11, 14, 19, 32, 44, 56. Uzi wa tatu ni mtupu (usiozungushiwa waya) wa 19, na hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiizoea, unaweza kuupandisha uzi wa sita hadi D ukapiga D nzima, yaani nyuzi zote sita zikiwa chini toni moja. Utakuwa mgumu kidogo, lakini unapigika.

Ernie Ball wana seti ya karibu, Beefy Slinky ya 11–54, ila uzi wake wa tatu ni mtupu wa 22. Kwa anayepiga kodi za rock mfululizo haina shida. Kwa mpiga solo ninamshauri abaki kwenye 19.

2. Seti ya 10–46 na uzi mmoja wa 52: dropu D

Katika dropu D ni uzi mmoja tu unaoshuka. Kwa nini basi ubadilishe vyote sita? Nunua seti yako ya kawaida, kisha uzi wa 52 wa rejareja. Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na ni wachache wanaoifuata.

3. Seti ya 12–60: C nzima

Hapa nyuzi zote zimeshuka toni mbili: C-F-Bb-Eb-G-C. Seti ya EXL148 ya D'Addario imetengenezwa kwa tyuni za chini. Uzi wa 60 unakaza vizuri, ule wa 12 unabaki laini kiasi cha kupindika. Jiandae kumwona fundi, kwa sababu nitakazozieleza chini.

4. Seti ya 10–52

Najua wengi watashangaa kuiona nafasi ya nne, maana ndiyo inayopendekezwa kila mahali kwa dropu D. Uzi wa 52 kweli unafaa. Tatizo ni majirani wake: wa tano ni 42 na wa nne ni 30, na katika dropu D hizo hazijashuka hata kidogo. Uzi wa 42 ukiwa A unavutwa kwa takriban kilo 12, wakati wa sita una kilo 8. Mkono wa kulia unahisi tofauti hiyo kila unapovuka. Seti hii inakaa vizuri zaidi katika D nzima, kwa mtu anayependa nyuzi za juu ziwe legevu.

5. Seti ya 13–62: B nzima

Ni seti ya gitaa la baritoni, lile refu la sauti ya chini. Kwenye gitaa la inchi 25.5 mvuto wake katika B unalingana vizuri ajabu. Imekuja mwisho kwa sababu inadai kazi nyingi kwenye gitaa, na uzi wa tatu ni wa kuzungushiwa waya, ambao haupindiki kwa urahisi.

Seti ambayo singenunua kwa tyuni hizi ni yoyote yenye uzi wa tatu mtupu wa 24. Waya mnene usiozungushiwa ni mkaidi, na kuufanya usikike sawa katika kila freti ni kazi ya kuchosha.

Magitaa ya inchi 24.75, kama Les Paul, yanapunguza mvuto kwa karibu asilimia 6 zaidi, hivyo panda hatua moja ya unene. Ya inchi 27 yanaongeza asilimia 12; shuka hatua moja.

Wapo pia wanaoutaka ulegevu wenyewe. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alipoteza ncha za vidole viwili katika ajali ya kiwandani Birmingham mwaka 1965. Alitumia nyuzi nyembamba, na kufikia 1971 alikuwa ameshusha gitaa nusu toni tatu ili vidole vipate nafuu. Sauti ile nzito ilitoka kwenye nyuzi legevu, kwa hiyo sikio lako lina haki ya kuikataa orodha yangu.

Kuhusu fundi: mvuto ukibaki uleule, shingo haipindi zaidi ya ilivyokuwa. Kinacholeta taabu ni mifereji ya kile kipande kidogo kilicho kati ya shingo na kichwa. Mfereji wa 46 haumezi uzi wa 56. Uzi unakaa juu, unanasa, na tyuni inaruka unapokaza. Mifereji hiyo ipanuliwe kwa tupa nyembamba, kisha urefu wa kila uzi urekebishwe upya kwenye briji. Mwenye Floyd Rose (briji inayoshikiliwa na springi) akague na springi za nyuma.

Ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi ya hewani inakula nyuzi za nikeli haraka. Hapo nyuzi zenye utando, mfano Elixir Nanoweb, zinastahili bei yake, hasa ukizingatia kwamba maduka mengi yamejaza 9–42 na 10–46 na seti nene utaziagiza kutoka mbali. Ukiagiza, chukua pakiti mbili pamoja na uzi mmoja wa sita wa akiba.