Mpiga Besi Ambaye Sikuwahi Kumsikia: Tathmini ya Onyesho Langu la Kwanza la Bendi ya Roki

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikizisikiliza nyimbo za bendi hii kwa visikizio na kwa spika ya simu, nikazihifadhi moyoni pamoja na pumzi anazovuta mwimbaji kati ya mstari mmoja na mwingine, lakini sikuwa nimewahi kusimama mbele ya bendi yoyote ya roki ikipiga ana kwa ana. Juma lililopita nilipata nafasi hiyo. Bendi yenyewe ina watu wanne: mwimbaji ambaye pia hupiga gitaa la ridhimu, mpiga gitaa la solo, mpiga besi na mpiga dramu. Sitaitaja kwa jina, wala sitautaja ukumbi, kwa sababu yapo malalamiko nitakayoyaeleza, na ninachotaka kukipima ni kama onyesho la moja kwa moja linampa msikilizaji jambo ambalo rekodi haiwezi kumpa. Kwangu lilinipa, na sababu kubwa ni mtu ambaye kwa miaka yote hiyo sikuwa nikimsikia, yaani mpiga besi.

Uzi mnene kuliko nyingine zote katika gitaa la besi la kawaida hutoa sauti ya hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Spika ya simu haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha kuitoa. Inachotoa ni sauti za juu zinazoandamana nayo, na ubongo hujaza pengo lililobaki, kiasi kwamba msikilizaji huamini kuwa amesikia besi. Nami niliamini hivyo. Wimbo wa kwanza ulipoanza, sauti ile ilinifikia kifuani na kwenye nyayo kabla sijaitambua masikioni, na ndipo nilipogundua kuwa wimbo niliodhani umebebwa na gitaa la solo umebebwa na yeye. Alisimama karibu kabisa na dramu, ubavu ukiwa umetuelekea sisi, macho yake kwenye mguu wa mpiga dramu, na kila mguu ule uliposhuka kuipiga dramu kubwa, kidole chake kilishuka nao, sauti mbili zikatoka kama pigo moja. Sikumwona akitafuta makofi hata mara moja.

Hata hivyo, nyimbo tatu za mwanzo zilikuwa na kasoro ambayo mtu aliyelipa kiingilio haivumilii kirahisi: maneno hayakusikika. Sauti ya mwimbaji ilizama chini ya magitaa mawili, na kama nisingekuwa nimeyakariri mashairi yale, nisingeambulia hata mstari mmoja. Ni kweli kwamba ukumbi uliopimwa sauti ukiwa mtupu hubadilika unapojaa watu, kwa kuwa miili na nguo hufyonza sauti za juu, zile zile ambazo konsonanti huzitegemea ili neno lieleweke, na gitaa la umeme lililotiwa mkwaruzo hugombania eneo hilo hilo. Lakini hayo ni mambo ambayo fundi mitambo huyatarajia kabla ya milango kufunguliwa. Kufikia wimbo wa nne alikuwa ameyapunguza magitaa badala ya kukiongeza kipaza sauti, uamuzi sahihi kabisa, maana kuanzia hapo kila ala ilikaa mahali pake. Nilipohamia karibu na meza yake, katikati ya ukumbi, sikupata tena mahali pengine palipofikia usafi ule wa sauti, na sishangai, kwa kuwa pale ndipo mizani yote inapopangwa. Nyuma kabisa, nilikosimama kwa wimbo mmoja tu, nilikiona kijiti kikigonga dramu kabla sijalisikia pigo: sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliye mita 34 kutoka jukwaani huipata ikiwa imechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ni muda mdogo, ila ulinitoa kwenye wimbo.

Tukio lililonithibitishia thamani ya kuwapo pale lilitokea katika wimbo wa saba. Mpiga solo alikuwa katikati ya kipande chake, akiuvuta uzi mwembamba kuliko nyingine zote ili kuipandisha noti, mara ukakatika. Gitaa lake lilikuwa la aina yenye daraja (kipande kinachozishika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) linaloelea, linaloshikiliwa na mvutano wa nyuzi upande mmoja na springi upande wa pili. Ukikatika uzi mmoja, springi hulivuta daraja, na nyuzi tano zilizobaki hupanda zote na kutoka kwenye noti zake. Gitaa zima lilikuwa limeharibika. Alilinyamazisha kwa kiganja, akamtazama mpiga besi mara moja tu. Mpiga besi aliurudia papo hapo ule mzunguko wa baa nne (vipimo vinne vya mapigo) uliofungua wimbo, mpiga dramu akauhamisha mkono wake wa kulia kutoka kwenye matoazi hadi kwenye ukingo wa dramu ndogo ili sauti ishuke, na mwimbaji akasogea mbele kutuachia sisi kiitikio. Tulikiimba mara tatu, pengine nne, sikuhesabu. Msaidizi wao alikuja ameinama na gitaa la akiba ambalo nyuzi zake zilikwisha kulinganishwa, na mpiga solo akaingia tena mwanzoni mwa mzunguko kana kwamba wimbo ulitungwa hivyo. Katika rekodi wimbo huo ni wa dakika nne. Usiku ule ulikaribia saba, na kila ninapousikiliza sasa, ule wa rekodi naona unakatizwa mapema.

Kilichowawezesha kufanya hivyo ni kusikilizana, na kusikilizana jukwaani kuna gharama yake. Tarehe 15 Agosti 1965, The Beatles walipopiga katika Uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu wapatao 55,000, hawakuwa na spika za kuwarudishia sauti zao jukwaani, na kelele za mashabiki ziliwafunika kiasi kwamba wao wenyewe hawakuweza kujisikia vizuri. Wanne hawa walikuwa na visikizio vidogo masikioni, kila mmoja akipelekewa mchanganyiko wake wa sauti za ala, na mara mbili nilimwona mpiga dramu akiinua kidole kumwomba fundi amwongezee kitu fulani. Mambo madogo kama hayo yalinifurahisha kuliko taa, ambazo zilikuwa za kawaida, na ambazo katika nyimbo mbili zilitumulika machoni hadi jukwaa likapotea.

Malalamiko yangu makubwa nayaelekeza kwa waandaaji. Onyesho lilichelewa kwa saa moja na dakika ishirini, na hakuna aliyepanda jukwaani kutuambia neno. La uzito zaidi ni afya ya masikio. Viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha vinataka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15, na watazamaji wapatiwe vizibo vya masikio pamoja na sehemu tulivu ya kupumzikia. Ukumbini hapakuwa na vizibo wala sehemu hiyo. Mimi nilibeba vyangu, vya aina inayozipunguza sauti zote kwa kiwango kinachokaribiana, nikavivaa kuanzia wimbo wa pili, na sikubaliani hata kidogo na wanaodai kwamba vizibo huua muziki, kwa sababu nikiwa navyo niliyatenganisha magitaa mawili vizuri zaidi na besi haikupungua kifuani. Vijana wengi niliotoka nao walikuwa wakilalamika kwamba masikio yanavuma. Bendi naipa alama tisa kwa kumi. Waandaaji siwezi kuwapa zaidi ya nne.

Wimbo wa mwisho hawakuumaliza kwa pigo la pamoja kama nilivyouzoea. Mpiga solo aliisogelea amplifaya yake hadi nyuzi zikaanza kulia zenyewe, kwa kuwa mtetemo wa spika huzitikisa nyuzi, sumaku na koili zilizo chini yake huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, na amplifaya huurudisha umeme huo kwenye spika, mzunguko usiokoma mpaka mtu auvunje. Akaliegemeza gitaa pale pale na kuondoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, mpiga besi akiwa wa mwisho. Tulibaki tukiusikiliza mlio ule ukihama polepole kutoka noti moja hadi nyingine bila mkono wa mtu, mpaka msaidizi yule aliyeleta gitaa la akiba alipotoka gizani, akaweka kiganja juu ya nyuzi, na ukumbi ukanyamaza.