TAHADHARI: wanaouza COS (udhamini wa mwajiri wa kuombea viza) za kazi ya kulea wazee Uingereza, njia imefungwa na bado wanachukua pesa za watu

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msome hii mpaka mwisho na mumtumie yeyote mnayemjua anatafuta kazi ya kea, yaani kulea wazee, huku Uingereza, maana kuna ajenti hapo Mombasa, ana na watu wake Nairobi, mpaka wiki hii bado anapokea pesa. Jina simtaji kwa sababu mambo yashafika DCI (polisi wa upelelezi wa Kenya) ila mbinu yake nitaieleza yote, na wenzake wanaotumia hiyo hiyo ni wengi.

Kwanza jueni hili. Tangu tarehe 22 Julai 2025 serikali ya Uingereza imefunga viza ya kazi ya kulea wazee kwa mtu anayeomba akiwa nje ya nchi. Kea wa kawaida na kea mkuu, wote. Walioko huku tayari ndio waliobakishiwa nafasi ya kuhama mwajiri mpaka 2028, lakini wewe uliyeko Kisauni au Kilifi au Eldoret hakuna mwajiri anayeweza kukupa COS mpya ya kazi hiyo, hata awe na leseni ya kudhamini watu wa nje, hata ulipe milioni. Mtu akikwambia leo ana nafasi za kea Birmingham, huyo mwizi.

Mtoto wa shangazi yangu kaniruhusu nieleze yaliyompata. Ajenti alimwambia jumla laki tisa, nusu alipe mwanzo ya kushika nafasi, shangazi akauza ploti. Baadaye akatumiwa PDF yenye nembo ya Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza) na jina la kampuni, imeandikwa Certificate of Sponsorship, mpaka muhuri ina. Aliponirushia nilishtuka hapo hapo kwa sababu COS sio karatasi jamani. Ni rekodi inayokaa kwenye mfumo wa Home Office, mwajiri akishaitoa wewe unapewa namba, ile namba ndiyo unaiandika kwenye ombi la viza na ina miezi mitatu tu kabla haijaisha. Muhuri wa nini sasa?

Nikaitafuta ile kampuni kwenye orodha ya waajiri wenye leseni, iko gov.uk bure kabisa, nikaikuta ipo kweli. Na hapo ndipo watu wanaponaswa, wakiona jina lipo wanatulia. Nikachukua namba ya simu kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, sio ile iliyoandikwa kwenye barua ya ajenti, nikapiga. Wakanambia hawamjui binti huyo, hawaajiri mtu kutoka nje, na wameshapigiwa na wengine kwa shida hiyo hiyo. Yaani jina la kampuni ya watu nalo limeibiwa.

Binti alipomuuliza ajenti akajibiwa usipige simu kwa mwajiri utaharibu faili lako. Halafu akaongezewa bili, laki moja na nusu eti ada ya matibabu ya NHS, hospitali za serikali huku. Uongo mtupu! Viza ya wahudumu wa afya na kea imesamehewa hiyo ada, wanaolipa ni wa viza zingine za kazi, pauni 1,035 kwa mwaka.

Na hata wakati njia iko wazi COS haikuwa bidhaa ya kuuzwa. Ada yake tangu Aprili 2025 ni pauni 525, kama elfu tisini hivi za Kenya, na anailipa mwajiri. COS iliyotolewa kuanzia 31 Desemba 2024 mwajiri amekatazwa kabisa kumtoza mfanyakazi ada hiyo. Wewe yako ni ada ya viza unayolipa mwenyewe gov.uk, mtihani wa Kiingereza, kipimo cha TB, cheti cha tabia njema na tiketi. Sasa piga hesabu uone laki tisa inaenda wapi.

Kuna walionunua COS ya kweli kabisa, na hao ndio wananiuma zaidi. Wamefika huku viza safi, kazi hakuna, wiki kwa wiki wanaambiwa masaa yatakuja, deni la sako linawasubiri nyumbani, wengine wanalala sebuleni kwa watu. Home Office ikiinyang'anya ile kampuni leseni, mfanyakazi anapata barua, kwa kawaida ni siku 60 awe amepata mwajiri mwengine mwenye leseni la sivyo aondoke, na yeye hajamdanganya mtu yeyote.

Sasa huyu ajenti kageuza maneno, anasema kwa vile kea imefungwa atawapeleka kama mameneja wa duka. Msikubali. Tarehe hiyo hiyo ya Julai masharti yalipanda, kazi nyingi sasa lazima ziwe za kiwango cha digrii na mshahara kuanzia pauni 41,700 kwa mwaka. Na ukipeleka karatasi feki jina linalochafuka ni lako, unaweza kufungiwa viza miaka 10, ajenti yuko zake Nyali anakula pesa zako.

Manesi wenye usajili njia yenu bado ipo, ni kusajiliwa na NMC (baraza la manesi la Uingereza), mtihani wa CBT wa kompyuta mnafanyia huko huko Kenya na OSCE, ule wa vitendo, mkifika huku, na kazi za NHS zinatangazwa wazi. Hakuna haja ya kununua nafasi kwa mtu.

Kama umeshamlipa, usipeleke ombi la viza kwa hiyo COS yake. Kama ameshika pasipoti yako idai leo. Usifute kitu, meseji za M-Pesa, voisi za WhatsApp, risiti hata ile ya kuandikwa kwa mkono, vyote peleka DCI, na NEA (mamlaka ya ajira ya Kenya) uulize kama ana leseni ya kupeleka watu nje. Binti wetu alipokwenda kuandikisha alikuta wenzake wameshatangulia juu ya mtu huyo huyo, kwa hivyo ukifika waambie wayaunganishe malalamiko yenu.